Feni Tatu za Kinu cha Yaqona

Jumatatu, 3 Agosti
Bwana Naresh, mwenye kiwanda, ametangaza: atakayepunguza umeme wa kiwanda atapewa meza ofisini, penye kiyoyozi. Meza yangu hiyo! Zinazokula umeme ni zile feni tatu za kunyonya vumbi kinu kikisaga mizizi ya yaqona, kile kinywaji chetu cha kutia ganzi na usingizi. Nimezima mbili. Kelele zikapungua, na kwa mara ya kwanza nikawasikia vizuri wasagaji wakiimba tenzi zao. Sauti ya juu ya Losalini, binamu yangu wa utani! Nywele zilinisimama. Jumamosi ataongoza kwaya ya kanisa kwenye mashindano.

Jumatano, 5 Agosti
Mita ya umeme inatambaa. Bwana Naresh kanipongeza mbele ya watu. Vumbi limesimama kwenye mwanga wa dirisha, zuri ajabu. Nililiduwalia hadi midomo ikafa ganzi. Na sijanywa hata bakuli moja la yaqona! Losalini anakohoa, ameniomba niwashe feni. Nikamwambia ni mafua ya Agosti.

Alhamisi, 6 Agosti
Wasagaji wawili wamelala juu ya magunia. Wimbo umebaki na sauti mbili, ya Losalini haimo. Anafungua mdomo, unatoka upepo mtupu. Nimeogopa. Lakini mita!

Ijumaa, 7 Agosti
Asubuhi nimekwenda kwa Losalini kuomba radhi kimila, nimeketi chini na fungu la mizizi. Mizizi ya nini? Ya yaqona, bila shaka! Mumewe akatazama pembeni asicheke. Losalini akanong'ona, maana sauti hana: "Mtani, vumbi halikutosha, umeniletea na mzizi wake?" Akapokea, radhi haikataliwi. Kisha akasema: "Kinu kikisaga, feni ziwake. Kikinyamaza, zizime. Hilo nalo lilitaka meza ofisini?"

Nimerudi kiwandani, nimewasha zote tatu. Vumbi likainuka lote kwa pamoja, likaondoka zake. Nimesimama pale nimevua kofia.

Jumamosi, 8 Agosti
Losalini alikaa benchi, kitambaa mdomoni. Kwaya ikaimba bila yeye, ikawa ya nne. Alinitazama mara moja tu. Nikaapa moyoni sitagusa feni tena maishani.

Kisha zikasimama kwaya zote kuimba pamoja. Ee Mungu, sauti zile! Machozi yalinitoka. Ila ukumbi una feni kumi na mbili darini, zinavuma, zinafunika besi. Nimemuuliza mlinzi swichi iko wapi. Kumbe ipo nyuma ya mlango tu.