Kiingereza cha Ndani

Jumatatu, 4 Machi

Kiingereza changu kikianza kutoka, wenye lugha yao hutafuta viti wakae. Shule niliacha mwenyewe. Walimu walishaanza kunionea haya. Leo ukoo umekiri. Baba mkubwa, fundi viatu, ana uvimbe tumboni. Daktari ni mgeni, Kiswahili hajui. Nani akaitwa kutafsiri? Mimi!

Daktari akapapasa tumbo, akatikisa kichwa, akasema "inoperable". Mteremko! "Operable" ni wa kupasuliwa, "in" ni ndani. Nikawatangazia: atapasuliwa kwa ndani, nje halibaki hata kovu. Mama mkubwa akapiga kigelegele wodini, muuguzi akamtoa nje.

Baba mkubwa alitaka kwanza aende kijijini akamwone mama yake, maana bibi hawezi tena safari. Nikamwambia atulie, ataenda akiwa mzima, tumbo bapa kama la kijana.

Jumanne

Binti yake karudi kutoka bweni. Umri wa kumi na saba, mdomo wa arobaini. Anadai "in" hiyo ni "si": baba hapasuliki. Eti apelekwe kwa bibi leo leo, kabla nguvu hazijamwishia. Nikambana: "indoor" je, ni kitu kisicho mlango? "Income" je, ni pesa isiyokuja? Akaniita "incompetent". Nikamshukuru: "competent" ni hodari. Kakubali mwenyewe kwamba nimeiva mpaka ndani.

Mama mkubwa akamwambia aache kumchulia baba yake. Mimi nikaongezwa nyama.

Alhamisi

Baba mkubwa hali kitu. Safi! Wa kupasuliwa hatakiwi kula. Daktari kaongeza neno: "incurable". Nikafafanua: "curable" ni wa kutibika, kwa hiyo dawa zake ni za ndani, za kumeza, si za kupaka.

Jioni baba mkubwa akauliza, sauti kama ya mtoto, basi la kijijini linaondoka saa ngapi. Binti alishafunga mkoba. Nikaweka kiti mlangoni, nikakaa. Hakuna kuniharibia operesheni! Binti akasema, "Kaka, mimi nidharau tu. Baba muonee huruma." Machozi ya kike. Mama mkubwa akafungua mkoba, akatoa nguo moja moja.

Jumapili

Baba mkubwa alifariki Ijumaa asubuhi. Mama mkubwa alijitupa sakafuni. Daktari akamwangalia, akasema "inconsolable". Nikawatuliza jamaa: "consolable" ni wa kufarijika, kwa hiyo nje analia, ndani keshafarijika. Wakanikazia macho. Wivu huo! Kesho naenda hospitali kuomba kazi ya ukalimani, ya kudumu, na koti jeupe.

Kitu kimoja tu ndicho kilienda mrama. Jana tulimfikisha baba mkubwa kwa mama yake, ndani ya jeneza. Bibi akalipapasa kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza kama mwanawe hakutaka kuja kumwona. Wote wakanigeukia mimi. Kiswahili kitupu, hakuna cha kutafsiri.

Alitaka, bibi. Mlangoni nilikaa mimi.