Jinsi Sihaba binti Nassibu Alivyoiziba Mdomo Lenzi ya Kigeni Huko Mbwera

Tulieni kidogo, enyi watu wa Kibiti na Bungu, mnaouza korosho kando ya barabara na kuzitafuna kabla mteja hajafika. Nanyi wa Mtunda, lazeni majembe chini. Nanyi wa visiwani, fungeni boti zenu kwenye mikoko mje mkae. Nina habari ya vita. Ni vita ambavyo havikumwaga damu wala mchuzi, na uwanja wake ulikuwa chumba kimoja cha ndani chenye dirisha dogo. Lakini mimi niliyeviona kwa macho yangu mawili, huku mkono wangu ukipaka hina, nasema wazi kwamba wapo watu waliojengewa minara kwa kazi ndogo kuliko hii.

Aliyepigana ni Sihaba binti Nassibu wa Kibiti, mpiga picha za harusi, Mwenye Jicho Moja Lililofumba na Moja Lisilolala, Mbeba Betri Tatu, Mpandaji wa Viti vya Watu bila Kuomba Ruhusa. Alikuwa amealikwa Mbwera, kule delta kwenye mikoko, harusini kwa Maimuna binti Zaidi, awapige picha wanawake ndani. Wanaume wa nje barazani walikuwa na mpiga picha wao, Twalibu wa Bungu, Bwana wa Begi la Magurudumu, ambaye begi lake siku ile lilibebwa kichwani na watu wawili, maana magurudumu na matope ya Mbwera hayajawahi kuelewana.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile, maana ndiyo ngome iliyogombaniwa. Katika nyumba ya akina Zaidi, bi harusi hukalishwa mkekani, kafumba macho, kafunikwa kanga tatu. Somo yake, yaani mama aliyemfunda, huziondoa moja moja. Ya mwisho ikitoka, bi harusi hufumbua macho mara moja tu, akamtazama mama yake mzazi, kisha huyainamisha chini mpaka afike kwa mumewe. Mtazamo huo mmoja ndio picha. Haurudiwi, hauigizwi. Na somo wa siku ile, Bi Mwantum, Mama wa Sauti Nzito, hajapata kumkubalia mpiga picha yeyote lile neno lao la "tena kidogo".

Adui naye ni nani? Ni Mabwana Watengenezaji wa Kamera, wakaao mbali sana katika majumba ya vioo, wasioijua Mbwera wala Mbwera haiwajui. Hao ndio waliotengeneza kamera hizi za siku hizi, nyepesi, zisizo na kile kioo cha ndani kilichokuwa kikipiga kelele kwenye kamera za zamani. Walipokwisha kuitengeneza wakautazama mdomo wake, pale lenzi inapoingia na kukazwa, wakasema, "Mdomo huu ni wetu. Haitaingia humu ila lenzi iliyozaliwa nyumbani mwetu. Na lenzi za mafundi wengine, hata ziwe na macho makali namna gani, zibaki nje." Wakaweka askari asiyeonekana ndani ya kamera, kazi yake kuuliza kila lenzi jina na ukoo.

Sihaba alikuwa na lenzi mbili. Moja ya nyumbani kwa mabwana hao, na moja ya mafundi wengine, fupi, nene, inayoona kwenye giza kama paka. Hiyo ya pili ilikuwa ikifanya kazi siku zote bila ugomvi. Ila Alhamisi, akiwa Kibiti, kamera iliunganishwa na simu, ikamwuliza kwa adabu kama anakubali marekebisho mapya. Na Sihaba kalelewa kama tulivyolelewa sote: anayepiga hodi huitikiwa karibu kwanza, maswali baadaye akishakaa. Akabonyeza kukubali. Hivyo ndivyo askari mpya, mkali kuliko yule wa kwanza, alivyoingia ndani ya kamera akiwa amekaribishwa.

Jumamosi tulishuka Mbwera maji yakiwa yametoka. Sihaba alikanyaga tope, tope likamshika mguu hadi gotini, begi likainama, na ile lenzi ya nyumbani kwa mabwana ikatoka yenyewe, ikatumbukia, ikazama taratibu kama mtu aliyechoka na kazi. Tulipoiopoa ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye kope. Sihaba hakulia. Alisema, "Ninayo nyingine," tukaendelea kutembea.

Basi chumba kikajaa. Wanawake walikuwa wamevua mabuibui, nywele nje, mafuta yananukia, ngoma imelazwa ubavuni ikingoja. Sihaba akaifunga lenzi nene kwenye kamera, akaiwasha. Kioo cha nyuma kikaandika: Lenzi hii haitambuliki. Akazima, akawasha. Haitambuliki. Akaifungua, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasoma bismillahi, akaifunga tena. Haitambuliki. Alipobonyeza kitufe cha kupigia, kamera ikakaa kimya kama karani aliyekwenda kunywa chai.

Bi Mwantum akaliona lile jasho. Akasimama, akaweka mikono kiunoni, akahutubu:

"Sihaba, mwanangu. Maji yanajaa saa saba, na yakijaa boti inaondoka na bi harusi. Mimi nimefunua mabinti thelathini na mmoja katika delta hii, na hakuna hata mmoja aliyefumbua macho akakutana na ndevu. Leo mama yake huyu anataka picha, na mimi nimekubali kwa sababu yako, kwa kuwa ni mwanamke. Kama hilo dude lako limelala, sema, tumwite huyo wa nje, tujifunike wote mpaka kope, na shughuli iwe kama kikao cha shule. Lakini ukisema hivyo, binti Nassibu, usirudi tena kwenye vyumba vyetu. Tutakuwa tumeshazoea kumwita yeye."

Wanawake wote wakageuza shingo. Waliokwisha kufungua vifungo wakaanza kuvitafuta.

Na kama vile alikuwa ameitwa, sauti ya Twalibu ikapenya pazia kutoka barazani, imejaa pilau.

"Dada Sihaba, nimesikia kamera imegoma. Pole sana. Yangu na lenzi yangu ni baba mmoja, mama mmoja. Wala sitaki ugomvi. Akina mama wajisitiri tu, niingie dakika tano, nitazame ukutani nikiwa sipigi."

"Twalibu kaka yangu," Sihaba akajibu, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayepepeta mchele, "kula kwanza. Mtu haingii vitani na mfupa mdomoni."

"Mfupa nimeshaumaliza, dada."

"Basi omba mwingine."

Chini ya kanga tatu, Maimuna akanong'ona, "Mnapigana na nani huko? Mimi naona joto."

Kazi ya hina hufunza kukaa na kutazama, maana hina haikimbizwi. Nikawa natazama mlangoni, ambako Bi Hadija, shangazi wa bi harusi, alikuwa amewekwa kuzuia wasioalikwa. Kila aliyefika alisalimu, na kwa salamu ile Bi Hadija alimjua asiye wa hapa, akamshika kwa maswali: wewe wa nani, umekuja na nani, upande wa bwana au wa bibi? Wawili walirudishwa. Wa tatu alikuja kajifunika gubigubi, hakutamka neno, akainamisha kichwa akapita. Mara nikamwona kwenye kona anakula pilau, na nyama kubwa juu yake. Nikamgusa Sihaba kwa kiwiko, nikamwonyesha, tucheke kidogo katika msiba wetu.

Sihaba hakucheka. Alimtazama yule mama, akaitazama lenzi, akamtazama tena yule mama.

"Hakuulizwa," akasema polepole, "kwa sababu hakusema."

Akaigeuza lenzi kitako juu. Pale nyuma, kwenye ukingo unaoingia mdomoni mwa kamera, palikuwa na vinundu vidogo vya dhahabu, vimepangwa kama punje za mtama. Hivyo ndivyo ulimi wa lenzi. Kwa vinundu hivyo lenzi huitajia kamera jina lake na ukoo wake.

"Nipe selotepu yako," akaniambia.

Enyi mliokaa, ninayo selotepu, maana ndiyo ninayobandika viganjani kuzuia hina isivuke mstari. Nikatoa wembe, nikakata kipande. Kilikuwa kipana, kikavuka ukingo, lenzi ikakataa kuingia. Nikakata cha pili. Kikashika kidole cha Sihaba na kukipenda kuliko lenzi, hakikutaka kukiacha. Nje maji yalikuwa yakisikika yakirudi kwenye mizizi ya mikoko, na nahodha wa boti akaipigisha mashine yake makelele ya kututisha. Bi Mwantum akaishika kanga ya kwanza kwa ncha. Nikashusha pumzi, nikakata cha tatu, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Sihaba akakilaza juu ya vile vinundu vyote, akakipapasa kwa dole gumba, na hapo, wasikilizaji, lenzi ya kigeni ikazibwa mdomo.

Ikaingia. Ikakazwa. Kamera ikawashwa, askari akatoka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza kuna nani, asisikie kitu. Akaandika: Hakuna lenzi.

Sihaba akapekua orodha ya ndani ya kamera, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wa mwisho kabisa ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia kwa hiari. Palikuwa na mstari mmoja uliosahauliwa na mabwana wenyewe: kuruhusu kupiga bila lenzi. Akauruhusu.

Lakini ushindi ulikuwa nusu. Lenzi iliyozibwa mdomo haiwezi kujilenga yenyewe. Lazima pete yake izungushwe kwa mkono, na ukikosea upana wa vidole viwili tu, bi harusi anatoka ukungu. Sihaba akapiga magoti mbele ya Maimuna. Kanga ya kwanza ikaondoka. Ya pili ikaondoka. Iliyobaki ilikuwa imemwangukia usoni, na maandishi yake yalikuwa yamekaa sawasawa juu ya pua. Sihaba akayatazama maandishi yale ndani ya kamera, akazungusha pete, yakawa ukungu, akazungusha, yakawa mchanga, akazungusha kidogo kama anayefungua kopo la asali, na herufi zikasimama moja moja, weusi wao umekatika vizuri. Akajivuta mbele upana wa kidole kimoja, kwa sababu uso uko nyuma ya nguo. Akaacha kupumua.

"Tayari?" akauliza Bi Mwantum.

Sihaba akaweka kidole juu ya kitufe. Anayelenga hajibu.

Kanga ikanyanyuka. Maimuna akafumbua macho, akamtazama mama yake, na kamera ikasema tak, mara moja. Macho yakainama. Ngoma ikainuliwa, vigelegele vikapanda mpaka wanaume wa barazani wakaacha kutafuna, na hakuna mwanamke aliyehitaji kutafuta buibui lake.

Baadaye, boti ikiwa inapakiwa, Twalibu aliomba kwa heshima aione picha, na mama wa bi harusi, mwenye picha yake, akasema aonyeshwe. Akaitazama kwa muda mrefu. Kope zinahesabika. Chozi la Maimuna lilikuwa halijaamua bado kama lidondoke au libaki. Kisha, kama ilivyo tabia ya mafundi, akabonyeza kuona kamera imeandika nini chini ya picha: saa, siku, mwanga, lenzi.

"Dada Sihaba," akasema, na sauti ilikuwa haina pilau tena, "hapa pameandikwa hakuna lenzi."

"Kama kamera yenyewe imeandika," akasema Bi Mwantum, akipanda boti, "wewe ni nani wa kubisha?"

Na iandikwe basi, isomwe Kibiti na Ikwiriri, na ikifaa ipelekwe kwenye yale majumba ya vioo: kwamba Jumamosi ile, saa saba kasorobo, maji yakiwa kiunoni mwa mikoko, Maimuna binti Zaidi alimtazama mama yake na mtazamo ule ukabaki, na kwamba kwa ushahidi wa askari wa mabwana mwenyewe, aliyesimama mlangoni saa zote bila kusinzia, hakuna lenzi ya kigeni iliyopita Mbwera siku ile.