Pikipiki ya Linus na Sheria ya Salamu

Jumanne, 8 Juni 1954

Baridi kali. Umande umeganda majanini. Nimepitwa.

Nimepitwa na pikipiki! Mimi, Hezekia, tarishi wa baraza kwa miaka kumi na moja! Kila Jumatatu natoka Makambako kwenda boma la Njombe, kila Jumanne narudi na mfuko wa barua, na sijapata kupitwa na kitu kisicho lori. Leo nilikuwa kwenye kilima cha miwati, nimeshuka, nasukuma baiskeli. Nikasikia ngurumo nyuma. Nikadhani lori la kubeba magome ya miti hiyo. Nikajitupa mtaroni kwa heshima zote. Kumbe Linus, na miwani yake mikubwa ya jeshini. Akapunga mkono, akapotea. Vumbi akaniachia mimi.

Linus alikuwa askari Burma, ndiko alikojifunza kuendesha. Pikipiki kauziwa na Mzungu aliyerudi kwao. Ni Mkatoliki. Simsemi kwa hilo. Nataja tu.

Nimefika saa kumi jioni. Karani Efraimu akanipokea kwa habari mbaya kabla hata hajapokea mfuko. Linus ameomba kazi ya mfuko. Njombe hadi Makambako kwa saa mbili, kasema. Jumbe Mika ataamua barazani Jumamosi ya tarehe 26. Atakayekosa hana kofia wala beji ya shaba.

Nimekaa na kofia mapajani. Ema, mke wangu, kauliza kama kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 10 Juni

Nimepata njia. Sitashindana na pikipiki. Nitawaacha wananchi washindane nayo.

Nimezunguka nyumba za kando ya barabara kukusanya malalamiko. Avelina, Bibi Idda, wote nimewauliza kama mngurumo haujawaharibia kitu. Avelina kasema kuku wake hawatagi. Nikaandika. Akaongeza kwamba hawatagi tangu Pasaka, pikipiki haijaja. Hilo sikuliandika. Bibi Idda kalalamikia vumbi kwenye maharage. Vizuri, lakini vumbi halimfungi mtu.

Kisha Mzee Danieli. Yeye hana kuku wala maharage, ana hasira tu. Kasema kijana yule alimkuta amekaa kwenye kigoda chake, akapita. Hakusimama. Hakusema hata kamwene, salamu ya kwetu. Alipunga mkono, kama anayefukuza nzi.

Nilimshika mkono Mzee Danieli kwa furaha. Akadhani namsikitikia.

Jumanne, 15 Juni

Goti limevimba. Naandika nikiwa nimenyoosha mguu.

Nilikuwa nimemshauri Bibi Idda aanike maharage yake katikati ya barabara, chini ya mteremko. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: Linus atayakanyaga, Bibi atapiga yowe, kesi itakuwa imekamilika. Mahali nilipajua. Nilikuwa nimepachagua mwenyewe.

Sikujua kwamba Bibi Idda husogeza mkeka kufuata jua.

Nilishuka kwa kasi nzuri. Breki za baiskeli yangu ni kiatu cha kulia, na kiatu juu ya maharage hakishiki kitu. Nilifika kwake kwa kalio, baiskeli ikafika baadaye. Bibi akapiga yowe kama nilivyopanga. Hakunipa pole. Aliniambia niokote moja moja, na yaliyopasuka niyaweke kando, ayaone.

Nikiwa nimepiga magoti nikamuuliza kama Linus hajapita. Kasema kapita mchana. Aliyaona toka mbali, akazima, akaisukuma pikipiki kwenye majani mpaka akavuka. Ila hakusalimu, kasema Bibi, alikuwa anahema.

Hakusalimu! Nimeokota yaliyobaki kwa moyo mweupe.

Alhamisi, 17 Juni

Barua imekamilika. Kurasa tatu. Inasema pikipiki inavunja heshima ya Ubena, kwamba wazee wanapitwa kama visiki, na kwamba tusipoangalia watoto watajifunza kusalimu kwa moshi. Sentensi ya moshi ni yangu. Nimeisoma mara nne.

Wazee thelathini na mmoja wametia dole gumba. Wino umeniishia. Kwa Mzee Danieli nilitumia masizi ya chungu.

Ema kaniuliza mimi mwenyewe husimama kwa nani nikipita. Nimemwambia mimi niko kazini. Kasema, Baba Tabea, na Linus naye atakuwa kazini. Mwanamke mwema, ila mambo ya baraza hayajui.

Jumamosi, 19 Juni

Ushindi! Nadhani.

Baraza lilijaa. Efraimu aliisoma barua yangu kwa sauti. Kwenye moshi watu waliguna. Mzee Danieli akasimama, akasema tangu azaliwe mtu akikutana na mzee husimama. Hata katika vita vya Mjerumani watu walikimbia, lakini walisalimu kwanza. Linus akavua miwani. Akaomba radhi. Kasema huko jeshini ukisimama barabarani unapigwa risasi, mazoea hayo yamemganda, ataacha. Jumbe akatoa hukumu: apandaye chombo, akifika nyumba yenye mzee aliyekaa nje, atashuka, atavua kofia, atasalimu, na hataondoka mpaka mzee amalize kujibu.

Nilikuwa wa kwanza kupaza sauti ya kukubali. Niliinua mikono yote miwili. Pikipiki imekwisha! Nani atashukashuka nyumba arobaini na tatu?

Ndipo Mzee Danieli akakohoa. Akauliza, na Hezekia je? Miaka kumi na moja anapita langoni kwake akipiga kengele. Kengele huvishwa mbuzi, kasema, haipigiwi mzee.

Nilimtazama Jumbe. Jumbe akasema gurudumu ni gurudumu.

Mikono yangu ilikuwa bado juu.

Jumatatu, 21 Juni

Naandika nikiwa kwa Avelina. Ndiyo, kwa Avelina, maili tisa tu kutoka kwangu. Jua linazama. Nilitoka alfajiri.

Zamani kwa baridi hii usingemkuta mzee nje. Walikaa jikoni, miguu kwenye majivu. Leo wote wako barabarani! Habari imeenea kwamba salamu sasa ni sheria, na kila mtu katoa kigoda. Kuna waliojifunika blanketi. Kuna mmoja aliyebebwa pamoja na kitanda chake.

Na si salamu ya kamwene ukapita. Unaulizwa umeamkaje. Unaulizwa nyumba, watoto, kikohozi cha Tabea, ng'ombe ambaye sina. Mzee mmoja kauliza habari za mama yangu. Nimemwambia alifariki mwaka 1939. Akanipa pole, kisha akataka kujua aliugua nini, toka mwanzo. Bibi Idda aliuliza habari za goti. Kila nyumba kuna togwa, na kukataa togwa ya mzee ni kuanza kesi nyingine. Nimekunywa vibuyu saba. Nimesimama porini mara tano.

Linus alinipita saa tatu asubuhi. Nikangoja kuona aibu yake.

Hakuna aibu. Mngurumo wake unasikika toka kilima cha tatu. Mpaka anafika, mzee keshavaa koti, keshakaa, keshakohoa, yuko tayari. Linus anazima, anavua kofia, anasalimu, anajibiwa, anaondoka. Mimi baiskeli yangu haina sauti. Nafika, mzee hayuko tayari, nangoja atafutiwe koti. Kengele siwezi kupiga. Kengele ni ya mbuzi.

Alhamisi, 24 Juni

Nimerudi. Siku nne. Mfuko ulikuwa na barua tatu, mojawapo ikimwita Efraimu kwenye mkutano wa jana Jumatano. Kaisoma mbele yangu, kisha akaikunja taratibu sana.

Linus alikwenda na kurudi Jumatatu hiyohiyo. Kamletea Mzee Danieli ugoro wa Njombe. Kampeleka mzee wa kitanda hospitali, kamkalisha nyuma na kumfunga kwa kamba ili asianguke; mzee kasema hajafurahi hivyo tangu ujana. Avelina sasa anamwita mwanangu. Kuku wameanza kutaga! Sifa ya hilo nayo wamempa yeye.

Nimemwambia Ema kwamba watu ni vigeugeu. Kaniuliza ni nani aliyewatafutia mtu wa kuwasalimu. Nilikwenda kupaka beji mafuta.

Jumamosi, 26 Juni

Nimeshindwa.

Jumbe aliwauliza wazee wenyewe mfuko abebe nani. Madole thelathini na moja niliyoyatia wino kwa mkono wangu yalinyooka juu kwa ajili ya Linus. La Mzee Danieli lilikuwa bado jeusi kwa masizi.

Efraimu aliniomba kofia. Niliivua. Sikujua kichwa changu kina baridi kiasi hicho. Miaka kumi na moja, mvua na matope, mara mbili nimelala porini na mfuko huo kifuani, haujapotea hata bahasha. Niliumia. Nimeandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nikatazama chini ili watu wasinione macho.

Kisha Linus akasimama, bila kuitwa. Kasema ana tatizo moja. Yeye kakulia misheni, akaenda vitani, wazee wa njia hii hawajui kwa majina. Juzi kamwamkia mzee mmoja kwa jina la ndugu yake ambaye hawasemezani. Bwana Hezekia anawajua wote, na magonjwa yao, na nani kagombana na nani. Kaomba nikae nyuma, nibebe mfuko, na nimnong'oneze majina kabla hajazima mashine. Kaomba na kofia nibaki nayo.

Jumbe akakubali. Efraimu akairudisha kofia kichwani pangu, akaiweka upande, kama kawaida yake.

Nilitaka kumshukuru Linus. Nikamwambia taa yake ya mbele imelegea.

Jumanne, 29 Juni

Safari ya kwanza. Utukufu!

Upepo tu, na miti inarudi nyuma. Kilima cha miwati tulikipanda nimekaa! Kulikuwa na mtu mtaroni na baiskeli yake. Nilimpungia mkono.

Lakini nimegundua jambo zito, ambalo mtu wa miguu hawezi kulielewa. Wananchi wanatuchelewesha. Kuku wanavuka bila kuangalia. Bibi Idda bado anaanika maharage barabarani, sijui nani alimshauri. Na hizi salamu! Nyumba arobaini na tatu, na wengine sasa wanatoa hata wajukuu. Jana tumeingia Njombe saa nane. Mashine kama ile, inasimama kila hatua mia kwa ajili ya kikohozi cha mtu! Hii si heshima, hii ni kuzuia kazi ya serikali.

Nimepata njia. Nimeiandika tayari, kurasa mbili. Siku ya mfuko wazee wote wa kando ya barabara wakusanyike mahali pamoja, tuwasalimu mara moja, kwa jumla, tupite. Dakika tano. Nani atakataa?

Linus kasema ana wasiwasi. Ema kacheka mpaka akakaa chini, hakusema sababu. Hawana uzoefu wa mambo ya baraza.

Jioni nilimpelekea Mzee Danieli, kwani yeye akitia dole wengine hufuata. Nilijiandaa kubishana. Wapi! Alikubali kabla sijafika ukurasa wa pili. Kasema wakutane kwake, uwanja ni mkubwa, togwa atapika yeye. Kaniuliza jambo moja tu: wazee wa Mdandu, kule mbali na barabara, wamesikia habari hizi na wanaona wivu, je, nao wanaweza kuja?

Nimemwambia waje wote.