Lori Lenye Uke Wenza

Daktari aliiona taa ya njano kabla hajamwona mwenye lori. Ilikuwa inawaka kwenye dashibodi ya lori dogo la dizeli, injini ikinguruma mbele ya duka la vipuri. Kwa mtu wa kazi yake, taa kama ile ilikuwa sawa na mlango ulioachwa wazi.

Tuseme mapema kwamba udaktari wake ulikuwa wa magari, na hata huo hakuusomea. Alichokuwa nacho ni ulimi mtamu, shati jeupe na kebo nyeusi. Ncha moja ya kebo aliichomeka chini ya usukani wa mteja. Ncha ya pili iliingia mfukoni mwake kwa heshima zote, na humo ilikuwa imefungwa kwenye funguo za nyumbani kwake.

Siku hiyo naye alikuwa na shida yake. Nyuma ya duka lilisimama lori lake mwenyewe, la aina ileile, lililozeeka likidai matengenezo kuliko mtoto anavyodai maziwa. Asubuhi mkewe alikuwa amemwambia, bila kupandisha sauti, kwamba lile lori liuzwe leo. Akirudi nalo, atalala humo humo. Mnunuzi alikuwepo, mwoka mikate, ila alikuwa ameshafungua boneti akaona kutu na kukunja uso. Alikubali kupita tena jioni, kwa kuona haya tu.

Mwenye taa ya njano alikuwa mama mmoja msomba kokoto, na mji mzima ulimwita Mama Kokoto. Alieleza kwamba taa ilianza kuwaka tangu alipofunga chujio jipya la hewa, la kuongeza nguvu. Akazima injini, akafungua boneti.

Moyo wa Daktari ulimruka. Chujio lilikuwa jekundu kama pilipili, na bomba lake lilimetameta kama fedha. Pembeni aliona kitu kingine: plagi ya sensa, kile kipima hewa inayoingia kwenye injini, ilikuwa imechomoka, inaning'inia. Basi ugonjwa wote ulikuwa huo. Mtu mwema angeisukuma irudi mahali pake, akapewa asante, akaenda zake. Daktari aliisogeza kwa kidole isionekane, akachomeka kebo, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Mama, lori lako lina uke wenza."

"Uke wenza?"

"Injini ni mke mkubwa. Umemletea mke mdogo, kavaa nyekundu, anang'aa, wala hukumwomba ruhusa mwenye nyumba. Hiyo taa ni kununa."

Mama Kokoto aliweka mkono kifuani, akauliza mke mkubwa akizidi kununa hufanya nini. Daktari akamjibu kwa huzuni kwamba hufa, tena hufia mlimani, mzigo ukiwa mgongoni.

"Sasa nifanyeje, mwanangu? Chujio la zamani fundi aliondoka nalo. Nimelitafuta mji mzima, halipatikani."

Maneno hayo yangemshtua mtu mwingine. Daktari yeye alikuwa anamwona mwoka mikate akifungua boneti na kukuta fedha na pilipili. Akasema analo la asili kwenye lori lake, halina sura lakini lina adabu, na atajitolea wabadilishane kwa kuwa mama huyu anamkumbusha mama yake mzazi. Ila mke mdogo lazima aondoke na vyombo vyake vyote, bomba na sensa.

"Una hakika, baba?" Mama Kokoto alifuta macho kwa kitambaa. "Isije ikasemwa nimekudhulumu."

Daktari akaapa mbele ya mwenye duka. Akavua shati jeupe, akafungua, akafunga, jasho likimtiririka, huku Mama Kokoto akimshikia spana na kumwombea dua.

Kazi ilipokwisha, kabla Daktari hajaigusa, mama yule aliivuta ile plagi iliyofichwa, akaisukuma mahali pake mwenyewe, kwa vidole viwili. Kisha akatoa kwenye mkoba kidude kidogo kama kiberiti, akakichomeka chini ya usukani, akabonyeza. Alipowasha lori, taa haikurudi.

"Mama, hicho ni nini?"

"Kipimo, mwanangu. Cha kwako kina funguo." Akapanda kwenye usukani. "Plagi niliichomoa mimi. Hilo chujio limelowa mafuta. Ukienda kidogo yanapeperukia kwenye sensa, taa inawaka. Ukiisafisha inazima, kesho inawaka tena. Dawa ni boksi zima la chujio la asili kama lako tu, na ningekuja kuomba ninunue, ungenitajia bei ya lori zima. Haya, wapatanishe hao wake zako."

Akaondoka taratibu, bila kupiga hata honi.

Daktari alijiambia kwamba mama yule ni mwongo, kwa kuwa mtu humpima mwenzake kwa kipimo alichonacho. Mwoka mikate alipokuja na kufungua boneti, alibaki mdomo wazi. Akaomba ufunguo, akalizungusha lori mtaa mzima, akarudi mdomo umefungwa.

"Kuna taa ya njano."

Daktari alikagua plagi moja moja. Zote zilikuwa zimekaa imara. Akatafuta la kusema, na lililokuwa karibu na ulimi likatoka lenyewe.

"Ni uke wenza tu."

Mwoka mikate, ambaye nyumbani alikuwa na wake wawili, alimrudishia ufunguo bila kuuliza swali la pili.

Jua likizama, mkewe aliusikia mngurumo tangu kona ya mtaa. Daktari alipozima injini, alimkuta amesimama mlangoni na mto na shuka.

"Mke wangu, ngoja nikueleze. Humu ndani sasa kuna kitu kipya. Chekundu, kinang'aa, ukikiona utakipenda."

"Basi lala nacho," mkewe akasema, akampa mto, akampa shuka, kisha akanyoosha mkono kudai funguo za nyumba.

Daktari akazitoa mfukoni, na kebo nyeusi ikazifuata kama mkia.