Hotuba ya Kufungua Kliniki ya Shingo na Homoni

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Makamu wako, Makamu wa Makamu wako, ninayemwona amekalia kiti changu, waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na vijitengo, mke wangu mpendwa, ambaye pia ni mshauri elekezi wa mradi huu, na ninyi wananchi mliosimama juani tangu asubuhi bila kulalamika kwa sauti: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Anakunywa maji.)

Leo ni siku ya kihistoria, hasa kwangu. Ikumbukwe kwamba ofisi yangu, kwa kutumia mkabala shirikishi, mtambuka na jumuishi, ilibaini kuwapo kwa wananchi ambao shingo zao zinakuwa nyeusi, zinakakamaa na kuota vinyama vidogo vidogo, na bila kupoteza muda tukaunda kamati, nayo ikazaa kamati ndogo, nayo ikajifungia hotelini na mastekiholda wote hadi ikatoka na jibu la kisayansi, yaani uchafu. Ndipo tukagawa madodoki kwa asilimia mia moja na nne ya walengwa! (Makofi hafifu. Sauti ya mwanamke: "Yametuchubua!")

Asante, mama, mrejesho umepokelewa. Huyo, waheshimiwa, ni mama mshonaji wa hapo mkabala na ofisi zetu, aliyenishonea suti hii enzi macho yake yakiwa mazima. Mama mkwe wake alimuuliza mbele ya wageni, "Mwanangu, hata kuoga kumekushinda?" Basi akajisugua kwa dodoki letu mpaka damu, weusi ukabaki palepale, mumewe akahamia chumba cha pili, na sasa kila kitu anakiona ukungu mtupu, hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo inaitwa impakti. (Minong'ono.)

Akajitokeza daktari mmoja, kijana asiyejua wakubwa wanaongeleshwaje, akaniambia, "Mheshimiwa, huo si uchafu. Homoni zikiyumba, ngozi husema. Insulini ikishindwa kazi, shingo huwa hivyo. Huyu mama apimwe sukari haraka, macho yake yanakwenda. Na wewe mwenyewe, mzee, usijisahau." Nikampandisha cheo papo hapo, akapelekwa kituo kisicho na usumbufu wa wagonjwa. (Kicheko jukwaani. Sauti: "Vua skafu tuone!")

Skafu hii, pamoja na joto hili, ni ya itifaki! Na wewe kinyozi uliyepiga kelele, nakujua. Hayo uliyoyaona kisogoni kwangu ni uzoefu wa kazi. (Anakunywa maji. Anaomba mengine.) Kiu hii nayo ni ya maendeleo. Hata hivyo, kwa kuwajali ninyi, wiki ijayo nakwenda ng'ambo kupimwa sukari kwa niaba yenu. Pigeni makofi! (Makofi.)

Sasa tazameni wenyewe, nyuma ya utepe huu, jengo la kisasa: madirisha sita yenye mapazia, na mlango mpana wa buluu wenye kitasa kinachometameta. Wasemao hatujafanya kitu, leo wameumbuka!

Shingo safi! (Wachache: "Taifa safi!") Homoni tulivu! (Mtu anakohoa.)

Nikihitimisha, namshukuru mwenye ghala la saruji kwa kutuazima ukuta wake, na kwa namna ya pekee namshukuru mchora mabango wetu, ambaye kwa makopo machache tu ya rangi ametupatia madirisha, mapazia, mlango na kitasa, jambo ambalo wakandarasi watatu kabla yake... Jamani, nani amempitisha mama mshonaji chini ya utepe? Mtoeni pale ukutani. Mama! Mama, acha kupapasa, huwezi kukishika hicho kitasa. Rangi bado mbichi.