Bamvua Niliyoitangazia Kambu

Jumamosi, 26 Machi 1994. Kambu.
Jumatano kanisa linachagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Kivuva anakitaka kiti. Kiti ni changu! Mpwa wangu Mumbua, anayesomea mambo ya bahari Mombasa, ametutembelea. Anasema Jumatatu kuna bamvua kubwa, maji kujaa kupita kawaida. Chuoni kwao wanataka watu wa kutia alama ukutani pale yanapofikia mwisho. Alama za miaka mingi zitaonyesha kama bahari inapanda. Nilijitolea kabla hajamaliza. Aliyepima bahari atashindwaje na kisima? Kivuva akauliza kama nitawaletea ya kunywa. Wivu.

Jumatatu, 28 Machi. Mombasa.
Nimepewa chaki na ukuta wangu. Wenzangu ni wanafunzi. Hawajui maji. Mimi nimezaliwa bara, kando ya mto wa mchanga, mkavu hadi mafuriko yaje ghafla! Kwetu maji yakionekana yanakuja hungojei: unapiga mbio na kuwapigia kelele walio chini. Saa kumi yakavuka mawe. Nikapiga mbio. Nikapiga kelele. Nikambeba mama muuza mihogo mgongoni, akinitukana njia nzima. Kisha nikapiga simu kituo cha petroli cha Kambu: bahari imevuka mipaka, kanisa lifunge na kuomba. Kiongozi huonekana siku ya hatari.

Jumanne, 29 Machi. Bado Mombasa.
Maji yamerudi! Mumbua anasema hupanda na kushuka kila siku, mara mbili. Angesema mapema. Akauliza alama yangu iko wapi. Nikamjibu nilikuwa naokoa watu. Akasema, mjomba, kila ukuta una alama isipokuwa wako. Sawa. Lakini upande wangu hakuna aliyezama.

Jumatano, 30 Machi. Kambu.
Kanisa lilifunga kweli. Aliyeongoza maombi ni Kivuva! Aliiamuru bahari irudi, nayo ikarudi. Nimefika wameshamchagua, kwa makofi. Nikaeleza kwamba hurudi kila siku. Mzee Ndululu akaniambia nisimnyang'anye Mungu sifa. Kivuva akanishukuru hadharani kwa ile simu. Nyoka!

Haidhuru. Kamati ya maji ni cheo kidogo. Mwezi wa Septemba wanachagua mzee wa kanisa, na Mumbua anasema mwezi huohuo kuna bamvua nyingine. Nitabaki hapahapa Kambu. Mtu mwingine apige simu. Maombi nitayaongoza mimi.