Vitu Nilivyoiongezea Pikipiki

Jumamosi, 3 Mei

Pikipiki imefika. Nyekundu, mpya, siti bado ina nailoni. Majirani wametoka kuitazama. Nilisimama kando yake, mkono kiunoni, kama mtu aliyeizaa.

Mke wangu ni mkunga. Zahanati yake iko juu ya kilima, na kwa miaka kumi na tisa amekipanda kilima hicho kwa miguu, mgongo ukimuuma. Ndiyo sababu ya pikipiki. Leo ameketi nyuma yangu, tumezunguka mtaa mara mbili, akashuka akasema jambo moja tu: siti ni nzuri, ila iongezwe cha kuegemea mgongo. Basi. Hataki kingine.

Nimemwahidi. Lakini nikiitazama pikipiki yenyewe naingiwa na huzuni. Ni kama mwanamume aliyekwenda kuposa amevaa kandambili. Ziko maelfu zinazofanana nayo. Mimi ni karani wa masjala. Maisha yangu yote nimefanana na wengine. Pikipiki hii haitafanana.

Nimeandika orodha. Usukani wa juu. Siti ya mashindano. Bomba la moshi la kunguruma. Cha kuegemea mgongo nimekiandika pia. Cha mwisho, lakini kipo.

Jumapili, 4 Mei

Jirani yangu, fundi miwani, naye ana pikipiki. Kuukuu, siti imechanika hadi sponji linachungulia. Amekuja kuitazama yangu. Akaizunguka, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema angekuwa yeye asingegusa kitu.

Nimemwelewa. Ni wivu. Nilikuwa bado nasitasita, lakini hapo shaka yote imenitoka. Kesho kwa Spana.

Spana ni fundi wetu wa pikipiki. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna alijuaye. Ni mtu asiyejua kusema hapana. Naona hiyo ni sifa kubwa kwa fundi.

Jumatatu, 5 Mei

Usukani umewekwa. Uko juu hasa. Mikono inafika usawa wa masikio. Spana anasema huo ni mkao wa kifalme. Watu wa barabarani wanasema ni mkao wa mtu anayejisalimisha kwa polisi.

Nilipofika ofisini damu ilikuwa imekimbia vidoleni. Mkuu wa masjala alinipa barua tatu za kusajili, nikazisajili kwa mwandiko wa mtoto wa chekechea. Akaniuliza kwa upole kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani. Nikasema hapana, nimebadilisha usukani. Hakuuliza tena.

Jioni pikipiki imegoma kupita mlango wa ua. Usukani mpana, mlango mwembamba. Nimeng'oa mlango kwenye bawaba zake. Bado haikupita. Sasa pikipiki iko nje na ua hauna mlango. Fundi miwani amesema niilaze kwake, kwake kuna nafasi. Nimekubali, nimeshukuru, kisha nimeingia bafuni nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka mke wangu alipobisha.

Jumanne, 6 Mei

Siti ya mashindano. Nyembamba, imebinuka nyuma kama mkia wa nge. Ile ya zamani nimemwachia Spana. Nilimuuliza habari ya cha kuegemea mgongo. Akasema siti ya aina hii haikipokei.

Nilimpeleka mke wangu kwenye zamu ya mchana. Nafasi yake ilikuwa na upana wa tofali. Kila jiwe lilimtupa mbele, na kila alipotupwa mbele mimi nilibusu tangi la mafuta. Kwenye kona ya kwanza ya kilima akanigusa bega, nikasimama. Akashuka, akatwaa mkoba wake wa kazi, akapanda kilima kwa miguu.

Hakusema neno. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, najua kusema kwake na najua kunyamaza kwake. Kunyamaza huku ni kupya.

Alhamisi, 8 Mei

Jana nzima nilifikiri. Kosa si siti. Kosa ni kwamba mke wangu hajisikii kuthaminiwa. Akitoka kazini itabidi asimame getini kunisubiri, hajui niko wapi. Angenisikia nikiwa bado mbali, moyo wake ungetulia. Kwa hiyo, bomba la moshi. Hakuna anayeweza kusema sikumfikiria yeye.

Spana alikata bomba la zamani akaunga jipya. Mlio wake umefukuza kuku wa pande zote mbili za barabara.

Nilifika zahanati saa kumi jioni. Kwanza aliamka mtoto mmoja akalia. Halafu wakaamka wote. Muuguzi mkuu alitoka mbio, mikono juu, glovu bado zimelowa. Akaniambia kuna mama ndani aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, na kwa kishindo changu amejifungua papo hapo, hata mkunga hajageuka. Nikauliza mtoto yu salama. Akasema yu salama. Nikasema basi huenda nimesaidia.

Hilo heri nisingelisema. Ameniamuru nisivuke geti lile tena, nikiwa na kile chombo au nisipokuwa nacho. Nilitazama juu. Mke wangu alikuwa dirishani. Aliniona. Akavuta pazia.

Ijumaa, 9 Mei

Leo mke wangu amekwenda kazini na fundi miwani.

Nimeandika sentensi hiyo mara moja, sitairudia. Jirani alikuwa anapeleka miwani ya wateja ng'ambo ya kilima, akamwambia shemeji panda. Nami nimesimama pale ambapo zamani palikuwa na mlango, mswaki mdomoni, nikiwatazama. Pikipiki ile kuukuu ina siti mpya, nene, nyeusi, na nyuma yake mto wa kuegemea. Mke wangu alikaa wima kama bibi harusi. Alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumchekesha mimi bila kuanguka.

Aliporudi akawa anakunja sare yake. Nikamuuliza kama siku hizi anapanda pikipiki za watu. Hakuinua macho.

"Siti yake ni nzuri," akasema.

"Yangu ni ya mashindano."

"Baba watoto, tunashindana na nani?"

Akaiweka sare juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema. "Umeweka vyote, ukaacha hicho. Miaka kumi na tisa kilima kile hakijanichosha kama wiki hii moja."

Kisha akaenda kuinjika chai, na akaniletea kikombe. Heri angeninyima. Chai ya mtu uliyemkosea haimezeki.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi mapema kwa Spana. Nimemwambia arudishe kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Usukani wa zamani ulikuwepo. Bomba la zamani ameliunga, lina kovu lakini limenyamaza. Nikaomba siti. Spana akaanza kukuna kichwa. Mtu asiyejua kusema hapana kumbe alimwambia ndiyo mtu mwingine pia. Siti yangu aliiuza Jumatano.

Aliyeinunua ni fundi miwani.

Nilikaa chini kwenye matairi mabovu. Mke wangu alikwenda kazini juu ya siti yangu mwenyewe, ile ile niliyoivua nailoni kwa mikono yangu, ikiwa kwenye pikipiki ya mwanamume mwingine.

Njiani nilitunga maneno makali. Mwizi wa mchana. Fisi mwenye miwani. Nilimkuta uani kwake, nikaanza, nikafika kwenye fisi, akaniuliza kwa mshangao kumbe siti ile ni yetu? Alidhani ni mali ya dukani kwa Spana. Hakusubiri nimalize. Alipiga magoti akaanza kulegeza nati moja moja. Nilimwambia nitamlipa. Akasema nisimtukane; siti yake ya zamani bado anayo, yeye na sponji lake wamezoeana.

Mto wa kuegemea aliutengeneza mwenyewe. Kipande cha godoro, ngozi ya mkoba chakavu, mshono safi wa mtu aliyezoea vitu vidogo. Nikamwambia huo ni wake, aubakize. Akaniwekea mikononi.

"Shemeji mgongo unamuuma," akasema. "Au hukujua?"

Nilijua. Hilo ndilo baya kuliko yote. Nilijua hata kabla ya pikipiki, na cha kuegemea nilikiandika kwenye orodha.

Baadaye alikuja na bisibisi, akanisaidia kurudisha mlango wa ua. Mimi nilishika mlango. Yeye alifanya kazi.

Jumapili, 11 Mei

Mke wangu aliikuta pikipiki imesimama ndani ya ua. Akaitazama. Akabonyeza siti kwa vidole, kisha ule mto, taratibu, kama anavyopapasa tumbo la mjamzito. Akapanda.

Tulikwenda polepole. Kona ya kwanza tukaipita. Ya pili pia. Nilimshusha hatua chache kabla ya geti, kwa kuwa amri ya muuguzi mkuu bado ipo. Aliniwekea mkono begani akasema asante, mgongo haujasema kitu leo. Machozi yakanilengalenga. Nikamwambia ni vumbi.

Pikipiki sasa inafanana na zile maelfu. Sijawahi kuwa na amani kama hii. Orodha nimeichana vipande vipande. Mtu mzima hujifunza. Mimi na kubadilisha pikipiki tumeachana, talaka tatu.

Jumanne, 13 Mei

Tulipokuwa tunashuka jioni kulinyunya kidogo. Mke wangu alipofika nyumbani alikung'uta mtandio, akasema tumelowa. Neno moja tu. Akaenda zake kubadilisha nguo.

Lakini sasa mimi ni mume anayesikiliza. Nilisikia hata ambalo hakulisema. Anataka paa.

Nguzo nne za chuma, turubai la kijani, pembeni mapazia ya nailoni ya kufunga na kufungua. Nyuma kidirisha, aone njia. Hakuna pikipiki yenye paa mji mzima. Sijamwambia, nataka ashtukie tu furaha imemfika.

Fundi miwani aliniona napima, akashauri nimnunulie koti la mvua. Wivu ni ugonjwa, maskini, na mtu mwema kama yule.

Spana anaanza kesho asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue amesita. Aliuliza itakuwaje upepo ukivuma pale juu kilimani. Nimemjibu kwamba upepo haunihusu. Mimi nashughulikia mvua.